Gitaa la Njumu na Mpingo wa Kilwa

Ndugu msomaji, yako magitaa ya umeme ambayo bei yake yapita bei ya nyumba nzuri ya mawe, na wanaoyaagiza hungoja miezi, pengine miaka, hata fundi amalize. Katika hoja ya wanazuoni juu ya ala za nyuzi hatuingii hapa. Ina wenyewe na mahali pake. Sisi twalitazama gitaa kama kazi ya mikono tu, kwa sababu kipande chake kimoja chaweza kuwa kimetoka kwetu, katika misitu ya Kilwa.

Yafaa kwanza kujua gitaa hilo lafanyaje kazi. Nyuzi zake ni za chuma, na chini yake zimewekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika, sumaku na waya huugeuza mtikisiko kuwa umeme, nao umeme hupelekwa kwenye kipaza sauti. Kiwiliwili cha gitaa hakina tundu wala uwazi mkubwa wa kuvumisha sauti kama udi wa Unguja. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mbao ya ajabu ya kiwiliwili ndiyo iliyolipandisha gitaa bei kwa ajili ya sauti, mwulize mara ya pili. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni ya macho.

Lakini pana mahali ambapo mti mgumu wahitajiwa kweli, nao ni ule ubao mwembamba wa juu ya shingo, vidole vinapobonyezea nyuzi. Hapo pana jasho, kucha na chuma kila siku. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na kiini chake cheusi hung'aa bila kupakwa rangi. Fundi akiuweka hapo hakufanya israfu. Ama kutaka gitaa zima kwa mpingo ni jambo jingine. Mti huu huchukua miaka sabini, mia, kufikia kuvunwa. Shina lake limepinda na lina mifereji, na gogo likipasuliwa sehemu kubwa huishia kuwa taka. Kupata ubao mpana usio na ufa ni kuchagua miti mingi na kuacha mingi. Na mchezaji mwenyewe atalalamika bega!

Wala hatusemi pambo ni ovu. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wa kuba, wajenzi wa zamani walipachika mabakuli ya kung'aa yaliyokuja kwa jahazi kutoka mbali, na msikiti haukuacha kuwa msikiti. Anayesali chini yake hazuiliwi na bakuli. Kipimo hicho chatosha kwa gitaa pia. Huko London alikuwako fundi Tony Zemaitis, aliyefariki mwaka 2002, ambaye alifunika uso wa magitaa yake kwa bamba la chuma ili kupunguza mvumo mbaya wa umeme. Bamba hilo akampa Danny O'Brien, mtu wa kunakshi bunduki, alichore. Nakshi ilikuja juu ya kitu chenye kazi, na ndiyo maana magitaa yale yapendeza hata leo. Mwaka 1992 Paul Reed Smith wa Marekani alitoa magitaa 50 yenye joka la njumu shingoni, vipande 201 kwa kila moja. Kazi ya subira kubwa, ingawa mchezaji hulifunika joka kwa kiganja chake mwenyewe.

Kisha mwaka 2015 likaonyeshwa gitaa liitwalo Eden of Coronet, lililofunikwa dhahabu nyeupe na almasi zaidi ya 11,000, likatajiwa bei ya dola milioni mbili. Hapo twasema wazi: hicho si chombo tena. Nani atalitia jasho? Ni sanduku la vito lililopewa umbo la gitaa, na fundi wa gitaa hana la kujivunia ndani yake.

Turudi kwetu. Sheria ya Misitu ya 2002 ilikiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuulinda na kubaki na mapato. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la MCDI la Kilwa, ilipata cheti cha FSC kinachoshuhudia kwamba imevunwa kwa haki. Wanaotembea doria humo, na kuchoma nyasi mapema ili moto mkali wa kiangazi usiue miche, ni wanakijiji. Mwaka 2017 mpingo na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia waliwekwa chini ya mkataba wa CITES. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikaachiwa. Basi gogo lataka karatasi mpakani, gitaa lapita bila hiyo. Si hatari ya kubuni: kampuni ya Gibson ilikubali mwaka 2012 kulipa faini ya dola 300,000 kwa sababu ya mbao nyeusi za ebony kutoka Madagaska.

Msomaji, ukiona maelezo ya gitaa la namna hii, soma yote. Utakuta jina la fundi, namba ya gitaa, aina ya chaza iliyotiwa njumu, pengine hata na jina la mchora nakshi. Ukifika kwenye mti utakuta neno moja tu: Afrika.