Upande wa Kushoto, Mbele ya Bawa

Sisi tunaoishi Södertälje, kusini-magharibi mwa Stockholm, hupaona kwetu kutoka angani tukiwa tumeketi upande unaofaa tu. Uwanja wa Arlanda uko kaskazini mwa jiji, na ndege hutua zikielekea upepo unakotoka. Upepo ukiwa wa kaskazini, ndege hujipanga mbali kule kusini, kisha hunyoosha moja kwa moja hadi uwanjani. Abiria wengi huwania dirisha la kulia, maana Stockholm na visiwa vyake viko huko. Mimi huchukua kushoto. Kuna Ziwa Mälaren, na kukiwa hakuna mawingu kuna Södertälje yenyewe: mfereji uliofunguliwa mwaka 1819 kuunganisha ziwa na Bahari ya Baltiki, daraja la barabara ya E4, na mapaa marefu ya kiwanda cha malori cha Scania.

Kuchagua dirisha ni ufundi, na unastahili sifa. Anayeujua huanza kazi siku ya kukata tiketi, ramani ikiwa wazi mbele yake.

Hutazama jua kwanza. Ukitoka Sweden kwenda Afrika Mashariki unashuka kusini, kwa hiyo asubuhi jua liko kushoto na jioni liko kulia. Mwanga ukipiga dirisha moja kwa moja, kila mkwaruzo wa plastiki hung'aa na nchi iliyo chini hufifia. Upande wa kivuli ndiko rangi ziliko: wekundu wa udongo, kijani cha mashamba, mito. Anayetaka macheo, huyo akae kushoto na avumilie.

Kisha bawa. Mbele yake ni bora kuliko nyuma, kwa sababu joto la injini huitetemesha hewa na kuvuruga picha yote. Kwenye ATR za Precision Air bawa liko juu ya madirisha, basi ardhi huonekana vizuri hata ukikaa katikati. Na baadhi ya Boeing 737 zina safu ambayo dirisha lake halipo kabisa, mahali panapopita bomba la hewa ya kupoza ndani. Abiria amelipia kiti cha dirishani, anatazamana na ukuta.

Lakini mtihani wa kweli wa ufundi huu ni Kilimanjaro. Nairobi kwenda Mombasa, kaa kulia, kurudi, kushoto. Dar es Salaam kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kulia tena, na uchague ndege ya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima. Kwenye Airbus A220 za Air Tanzania, kushoto kuna viti viwili na kulia vitatu, hivyo anayeufuata mlima hukubali kuwasumbua majirani wawili kila anapotaka kuinuka. Ni bei ndogo. Kilele cha Mawenzi hujitokeza upande wa kulia, mita 5,149 za miamba iliyochongoka. Kushoto kwake Kibo, mita 5,895, mviringo na barafu iliyobaki. Kati yao ni tandiko tupu la kahawia.

Safari moja jirani yangu alikuwa mama mzee wa Kichaga, kiti cha katikati, mkoba mapajani.

“Shikamoo mama. Njoo ukae huku dirishani, mlima unakuja.”

“Marahaba mwanangu. Mlima naujua, nimezaliwa chini yake.”

Akahamia hata hivyo. Mlima ulipotokea alinyamaza kidogo, halafu akaanza kunionyesha kwa kidole: Himo ile pale, njia ya kupanda Marangu, migomba inapoishia na msitu unapoanza. Mimi nilikuwa na ramani. Yeye alijua nani analima wapi. Tulipotua aliniomba kalamu, akauliza kile kiti ni herufi gani, akaiandika nyuma ya pasi yake ya kupandia ndege: F.

“Na kurudi je?” akauliza. Nikamwambia A.