Mwalimu Mdogo na Mwanafunzi Wake

Nyundo ya dalali hutangaza bei ya picha. Maana yake hatuna budi kuitafuta wenyewe. Rebecca Solomon (1832–1886), mchoraji wa London, alikaribia kusahaulika kabisa. Mwaka 1859 alikuwa miongoni mwa wanawake walioitaka Royal Academy iwafungulie milango ya shule yake. Katika miaka ya 2020 picha yake ya mwaka 1861, "Mwalimu Mdogo", ilithaminiwa kwa zaidi ya pauni 300,000, na serikali ya Uingereza ikaizuia kwa muda isitoke nchini. Hatimaye ikachukuliwa na Tate pamoja na Museum of the Home.

Humo twaona msichana wa Kiingereza akimfundisha yaya wa Kihindi. Aliyekaa mbele ya mchoraji kwa nafasi ya yaya ni Fanny Eaton, mzaliwa wa Jamaika. Hapo ndipo penye kasoro: mwanamke wa Jamaika amefanywa Mhindi, kana kwamba watu wote wa makoloni ni wamoja, tena mlezi amewekwa chini ya elimu ya mtoto anayemlea. Hata hivyo Solomon, aliyeujua uchungu wa kufungiwa mlango wa elimu, hakumfanya yaya kuwa pambo la chumba. Amemweka mahali ambapo jicho halina budi kumtazama.

Basi tunapoisoma picha kama hii pamoja na wanafunzi wetu, tusiulize tu ni nani mwenye kitabu. Tuulize pia ni nani aliyemlea mwenye kitabu, naye alijua nini asichoulizwa.