Kiti Kimoja Mbele ya Nomino

Mwanafunzi ametaka kusema "vitabu vyangu vile viwili vikubwa" kwa Kiingereza, akaandika "those my two big books". Kalamu nyekundu ikapita, basi. Mimi naona tunawaonea wanafunzi tunapokata kosa bila kuwaonyesha lilikotoka, maana hapa mengi ameyapatia. Ametoa nomino mbele akaipeleka mwisho. Tena "big" ameliacha bila "s", ingawa Kiswahili chake kimemzoesha kuvisha vivumishi vingi ngeli ya nomino.

Lililomponza ni "those my". Katika kirai nomino cha Kiswahili, "vyangu" na "vile" hukaa pamoja bila ugomvi. Kiingereza kina kiti kimoja tu hapo mwanzoni, na "my", "those", "a" na "the" wote wanakigombea. Akikaa mmoja, mwenzake hana nafasi. Kimilikishi basi huzungukia nyuma kwa kutumia "of": "those two big books of mine". Ndiyo sababu "rafiki yangu mmoja" huwa "a friend of mine", wala si "one my friend".

Kosa jingine linajificha zaidi: "The price of tomatoes have gone up." Kwa Kiswahili hakuna anayesema "bei ya nyanya zimepanda", kwa sababu sikio linasikia i- ya "bei" na kuifuata hadi kwenye kitenzi. Kiingereza hakina kamba hiyo ya ngeli. Kitenzi kimekaa jirani na "tomatoes", kikavutwa na jirani. Funika kwa kidole "of tomatoes", usome kilichobaki: "The price has gone up."

Pale "of" inapoachwa, mpangilio hugeuka kabisa. Dereva wa basi la shule ni "school bus driver". Ukitaka kumwelewa, anzia mwisho. Ukigeuza ukaandika "bus school", umejenga shule ya mabasi.

Kuhusu "the", wanafunzi wetu wanajua kuliko tunavyodhani. Msikilize anayesema, "Nilinunua gari. Lile gari likaharibika." Hilo "lile" lililotangulia nomino linafanya kazi ya "the": gari tulilokwisha kulitaja. Linalosahaulika ni "a" ya sentensi ya kwanza, kwa kuwa Kiswahili hakiidai. "I bought car" ina kiti kitupu. Gari ni moja, linahesabika, na halijatajwa bado: "I bought a car."