Mdadisi na Mzimu: Juu ya Maswali Yaulizwayo Katika Riwaya ya Kiswahili

Tangu riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipotolewa mwaka 1960, baada ya kupata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957–58, aghalabu imesifiwa kwa maneno yanayokaribiana: kwamba humo akili imeishinda imani ya ushirikina. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, amesimamishwa upande mmoja kuwa ndiye mtu wa kuuliza. Upande wa pili wamewekwa watu wa shamba, ambao wakiona jambo lisiloelezeka hulitia mikononi mwa mizimu wakaenda zao. Hukumu hiyo si ya uongo, lakini ni hukumu ya haraka. Yachukulia kwamba udadisi ni kitu cha namna moja, chenye kupimwa kwa chombo kimoja, kana kwamba Bwana Msa kapewa pishi nzima na jirani zake hawakupata hata kibaba. Mambo hayakukaa hivyo, wala katika kitabu chenyewe hayakukaa hivyo.

Kisa chenyewe kinafahamika. Bwana Ali, mtu tajiri mwenye mashamba, anauawa, na mwili wake wakutwa mzimuni, mahali ambapo watu wa kale walikuwa wakipeleka sadaka na ambapo watu wa sasa hupita kwa hadhari. Neno laenea upesi kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa, pamoja na sahibu yake Najum, hakubali. Ahoji, apekua, apatanisha hiki na kile, hata mwishowe mkono wa binadamu waonekana. Hapo ndipo msomaji anapofunga kitabu akiwa radhi, na hapo ndipo mhakiki naye anapofunga uchunguzi wake, ingawa yeye hana udhuru kama alionao msomaji.

Ili kuona kilichoachwa nje, yafaa kukumbuka desturi ya vitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili", wenzake humwitikia "Tega". Wakishindwa kufumbua, mtegaji huwataka wampe mji. Hutajiwa Mombasa, au Lamu, au Makka, naye huupokea, hujisifu kwa milki yake mpya kadiri apendavyo, ndipo hutoa jibu. Katika mchezo huo kutojua kuna bei, na watoto waketio pamoja hawalipi kwa wakati mmoja. Yuko atoaye mji mara tu asikiapo fumbo, kwa kuwa alitakalo ni jibu wala si shida ya kulitafuta. Yuko atakayekataa kabisa, akabaki akilitafuna fumbo hilo hata wenzake wamekwisha tegeana mengine matano. Na yuko ambaye jibu halimshughulishi. Yeye amevutwa na majivuno ya mtegaji na miji aitwaayo. Si haki kusema kwamba mmoja tu kati ya hao ndiye mdadisi.

Bwana Msa ni mtu wa kukataa kutoa mji. Jirani zake waonekana kuwa wametoa mji mapema mno. Lakini kabla ya kuwahukumu, lazima iulizwe kwanza kama kitendawili walichotegewa wao ndicho kile alichotegewa yeye, na hapa lugha yenyewe ina neno la kusema.

Chukua swali jepesi: "Ameuawa kwa nini?" Kiswahili chakubali majibu ya namna mbili, na yote mawili ni sahihi. Mtu aweza kujibu "kwa panga", na mwingine aweza kujibu "kwa urithi", au "kwa husuda". Kiunganishi "kwa" hubeba ala na hubeba sababu, na swali halimwambii anayejibu ashike njia ipi. Ukitaka kuzitenga njia hizo, huna budi kuongeza neno: "kwa silaha gani", au "kwa sababu gani". Lipo tena neno "mbona", ambalo haliulizi chanzo tu bali huonyesha kwamba muulizaji alitarajia vingine na sasa ana lalamiko. "Mbona amekufa?" si swali la polisi, ni swali la mfiwa. Na lipo swali "ameuawa na nani?", lenye kuchukulia tangu mwanzo kwamba yuko mtu, tofauti na "ameuawa na nini?", lenye kuacha mlango wazi kwa mnyama, maradhi au kitu kingine.

Basi neno "mzimu" lakaa wapi katika maswali hayo? Kwa umbo lake ni ndugu wa "mti" na "mto", na mtu asemapo "mzimu huu" huelekea kukusudia mahali: jiwe, pango, mbuyu wenye vitambaa. Lakini wenye lugha husema "mizimu imekasirika" na husema pia "mizimu wamekasirika", na wasemapo hivyo mara ya pili wamekwisha itoa mizimu katika jamii ya vitu na kuitia katika jamii ya wenye nia. Shina lake ni lile lile la "kuzimu", makao ya wafu, na la "wazimu", hali ya mtu aliyevamiwa akili. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba Bwana Ali ameuawa na mizimu hakujibu swali la "nani" wala hakujibu sawasawa swali la "nini". Amesimama kati, na sarufi imemruhusu kusimama hapo. Bwana Msa ataka "nani", na katika riwaya yenye polisi na kesi hana budi kulitaka. Lakini mfiwa anayeuliza "mbona" hajajibiwa bado, hata muuaji akishatiwa mbaroni.

Tofauti hii ilikwisha elezwa na mtaalamu wa mila za watu, Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, ambao nchi yao iko Sudan ya Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mfano wake wa ghala wajulikana sana. Watu wameketi chini ya ghala la nafaka kwa ajili ya kivuli; ghala laanguka, lawaumiza. Wazande wajua vema kwamba mchwa wamekula nguzo. Hakuna haja ya mgeni kuwafundisha hilo. Wanachotaka kujua ni kwa nini nguzo zikatike saa ile ile walipokuwa chini yake watu wale wale. Mchwa hawana jibu la swali hilo. Mtu atakayesema kwamba Wazande hawakudadisi, kwa kuwa waliishia kwenye uchawi, atakuwa amesahau kwamba wao walianza kuuliza pale ambapo yeye alikuwa amekwisha nyamaza.

Hata hivyo haitoshi kuwatetea watu wa shamba kwa kusema tu kwamba walikuwa na swali lao. Kuna jambo la kidunia zaidi, nalo huachwa bila ya kutazamwa. Aliyekufa ni mwenye mashamba, na wanaoulizwa ni watu wanaoishi kwa ardhi ya watu wa namna yake. Anayeuliza ni polisi, au ni mtu wa mjini mwenye mwendo wa kipolisi. Katika Unguja ya wakati wa ukoloni, yenye mashamba makubwa ya karafuu na watu wengi waishio humo bila ya kumiliki ardhi, swali la "nani" halikuwa swali la bure. Jibu la "nani" humtia mtu pingu, na pengine si mtu aliyestahili. Jibu la "mizimu" halimtii mtu yeyote pingu. Laweza kutolewa na mwenye kuamini kwa moyo wote, na laweza kutolewa na mwenye kushuku, hata na mwenye kujua kila kitu na kuchelea kusema. Kwa nje majibu hayo matatu ni sauti moja.

Jambo hili lawahusu hasa wale wanaokwenda vijijini na daftari au chombo cha kunasia sauti kukusanya masimulizi. Mkusanyaji auliza kwa nini kisima fulani kimekauka. Aambiwa kina wenyewe. Arudi mjini, aandika kwamba watu wa mahali pale waamini kuwa visima vina mashetani. Yawezekana ni kweli. Yawezekana pia kwamba aliyemjibu alikuwa na mgogoro wa mipaka na jirani yake, na hakuona busara ya kuueleza kwa mgeni aliyefika jana. Elimu ya mila imebeba majibu mengi ya namna hiyo, na kuyachambua upya ni kazi ngumu kwa sababu daftari huandika jibu tu, halikuandika uso wa aliyejibu.

Kwa upande wa pili, Bwana Msa mwenyewe si mdadisi wa kila kitu. Ukimtazama kwa makini, udadisi wake una mipaka kama ua. Akishajua nani ametenda na kwa njia gani, kiu imekwisha. Hakai akajiuliza watu wa kale walikuwa akina nani, wala kwa nini sadaka ziendelee kupelekwa vizazi kwa vizazi, wala mzimu ni kitu gani hasa. Pengine hilo ni adabu ya mwandishi, kwani katika jamii ya Kiislamu elimu ya ghaibu ni ya Mungu, na mtu mwenye akili hujua pa kusimama. Pengine pia ni sharti la aina ya hadithi aliyoichagua. Abdulla alijifunza kwa Conan Doyle, na hadithi ya namna hiyo huvunjika ikiwa mpelelezi atauliza swali lisilo na jibu. Ajabu ni kwamba Conan Doyle mwenyewe hakufuata sharti hilo katika maisha yake. Aliyemuumba Sherlock Holmes, asiyekubali neno bila ya ushahidi, aliandika mwaka 1922 kitabu kizima cha kusadiki picha ambazo wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, walianza kuzipiga mwaka 1917 wakidai ni picha za majini wadogo wa bustanini; na mwaka 1926 akatoa historia ya watu wanaozungumza na roho za wafu. Mwaka 1983 mmoja wa wasichana wale, akiwa sasa mzee, alikiri kwamba picha zile zilikuwa za kuundwa. Basi hata ndani ya kichwa kimoja hukaa mtu asiyetoa mji na mtu anayeutoa kwa furaha.

Mwaka 1968 Abdulla alirudi na Kisima cha Giningi, na jina hilo lina uzito kwa msomaji wa visiwani, kwa maana Giningi katika masimulizi ya Unguja na Pemba ni mji wa wachawi, wasikofika watu wa kawaida ila kwa kuchukuliwa. Hapo tena fumbo lafumbuliwa kwa ufunguo ule ule. Lakini Giningi ile ile ilikuja kuchukuliwa na Said Ahmed Mohamed katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi, 1990, ikafanywa kitu kingine kabisa. Humo Giningi ni nchi yenye mtawala, Bi Kirembwe, na raia zake hulishwa unga wa ndere hata wasiweze kufikiri. Mtolewa, anayeuliza, ni hatari kwa dola. Mohamed ameona jambo ambalo Abdulla hakulihitaji: kwamba watu huweza kutofautiana katika udadisi si kwa tabia wala kwa elimu, bali kwa kuwa wako wanaofaidika wengine wasipouliza. Katika kazi hizi mbili, ya Mohamed ndiyo yenye macho makali zaidi juu ya suala hili, ijapokuwa ya Abdulla ndiyo inayosomeka kwa raha zaidi.

Euphrase Kezilahabi alikwenda mbali kuliko wote, na kwa gharama kubwa kuliko wote. Katika Kichwamaji, 1974, Kazimoto auliza maswali ya kuwapo na kutokuwapo mpaka yamshinda, na ajiua. Mwandishi angeweza kuishia hapo, na wengi walidhani ameishia hapo. Lakini katika Nagona, 1990, kitabu chembamba kilichowatia wasomaji wengi mashaka, maswali hayo yarudi bila ya Kazimoto. Msimulizi asiye na jina aingia katika mji wa kimya. Wanafalsafa wa Ulaya wako humo, na hakuna anayemtua mzigo wake. Yuko mnyama mzuri anayefuatwa na asiyeshikika. Hakuna muuaji wa kutafutwa, wala hakuna mzimu wa kusingiziwa. Msimulizi yu tayari kutoa miji yote aliyo nayo, lakini mtegaji hayupo wa kuipokea.

Kwa mtu aliyelelewa na Bwana Msa, Nagona ni kitabu cha kuudhi, na lawama nyingi zilizokipata zatokana na malezi hayo: msomaji alikwenda kutafuta jibu akakuta njia tu. Lawama moja ni ya haki. Kezilahabi mara nyingine hulifanya fumbo liwe zito pale ambapo wazo lililo chini yake ni jepesi, na hapo msomaji ana haki ya kudai mji wake arudishiwe. Lakini palipo na wazo zito kweli, kama katika kurasa za mji ule wa kimya, hakuna namna nyingine ambayo lingeweza kusemwa. Wako waliokifunga kitabu hicho mapema wakasema kwamba hakina kisa. Wako pia waliokisoma mara ya tatu, wakazunguka nacho miezi, na walipoulizwa wameelewa nini walishindwa kueleza, wala hawakuona haya kwa kushindwa huko.