Hongera, Walimu wa Hadithi

Olmotonyi, penye Chuo cha Misitu chini ya Mlima Meru, mtaalamu huuliza mbegu imetoka mti gani kabla ya kuipanda. Walimu wa hadithi za Mtume Muhammad wanastahili pongezi kwa kushikilia swali la namna hiyo: nani kapokea kwa nani?

Vijana huwauliza: Mtume alifariki mwaka 632, Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, akazaliwa 810, tumwamini vipi? Mwalimu mzuri hafoki. Hueleza isnadi, mlolongo wa wapokezi: kila mmoja huchunguzwa ukweli wake, kumbukumbu yake, na kama kweli alikutana na anayemnukuu. Ndipo hadithi huitwa sahihi, hasani (nzuri) au dhaifu, na za kutungwa hutajwa waziwazi.

Huongeza ushahidi wa maandishi. Sahifa, yaani daftari la hadithi, ya Hammam bin Munabbih, mwanafunzi wa Abu Huraira, sahaba wa Mtume, ilichapishwa na Muhammad Hamidullah mwaka 1953. Hadithi zake, takribani 138, zinalingana kwa karibu sana na zilizonukuliwa na Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyefariki 855.

Hongereni, masheikh na maustadhi, kwa kumpokea mwenye shaka kama mwanafunzi. Nawe msomaji, ukitumiwa hadithi kwenye simu, muulize ustadhi daraja yake kabla ya kuisambaza.