Popeye na Fungu la Sukuma Wiki: Kunakili na Kubuni katika Michoro ya Matatu

Msafiri atokaye Subukia akapitia Nakuru hadi Nairobi hukuta, mbavuni mwa matatu, nyuso za wanamuziki, wanasoka na wahusika wa vibonzo vya kigeni. Wasomi wengi huipuuza michoro hiyo kwa neno moja: uigaji. Makala haya yanakusudia kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki, na kama sisi tunaofundisha Kiswahili tunacho kipimo bora zaidi.

Kumtoa mhusika katika kibonzo na kumwingiza katika uchoraji si jambo lililoanzia kwetu. Aprili 1961, Andy Warhol alionyesha picha zake za Popeye na Superman katika dirisha la duka la Bonwit Teller, New York, nyuma ya sanamu zilizovishwa magauni. Mwaka huohuo Roy Lichtenstein alichora "Look Mickey": ndoana ya Donald Duck imenasa koti lake mwenyewe, naye adhani amepata samaki mkubwa, Mickey Mouse ajiziba kinywa asicheke. Tukio hilo Lichtenstein alilitoa katika kitabu cha watoto, lakini aliwaondoa watu waliokuwa nyuma na kubakiza rangi chache kali. Leo picha hizo zimo katika vitabu vya historia ya sanaa. Tofauti, basi, haiko katika chanzo, bali katika kazi aliyoifanya msanii juu ya chanzo hicho.

Kipimo hiki tunacho katika fasihi yetu. Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hakuiita Mfanyabiashara wa Venisi, bali Mabepari wa Venisi. Kwa neno hilo mtu mmoja aligeuka tabaka zima, na tamthilia ya kale ikaingia katika mjadala wa Tanzania ya siku zile.

Tuwaweke wachoraji wetu katika mizani iyo hiyo. Anayemkuza tu Popeye pamoja na kopo lake la spinachi amenakili, hata mkono wake uwe hodari namna gani. Lakini tuseme amnyang'anye kopo hilo na kumpa fungu la sukuma wiki. Hapo maana yageuka: nguvu za baharia yule hazitoki tena katika chakula cha ajabu, bali katika mboga ambayo jina lake lenyewe lataja mshahara usiotosha wiki. Mkulima wa Subukia angeielewa picha hiyo bila kufasiriwa, nasi tungekuwa na haki ya kuiita kazi ya ubunifu.

Kwa mizani hiyo, yatupasa kukiri kwamba michoro mingi ya matatu yapungukiwa: fani ni hodari, maudhui ni ya kuazima. Hata hivyo, lawama si ya wachoraji peke yao. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliyatia magari mstari wa manjano na kuibana sanaa hiyo. Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipoitetea, aliitetea kwa ajili ya vipaji na ajira ya vijana. Vyote viwili ni vipimo vya nje ya sanaa. Kipimo cha ndani ni wajibu wa mhakiki, na mhakiki hawezi kukitumia pasipo kwanza kushuka kituoni akatazama.