Urithi na Mamlaka: Fikira za Wahafidhina Zikipimwa kwa Historia ya Chunya

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi kana kwamba imemaliza hoja yote ya wahafidhina: kilichopokewa kwa wazee kishikwe, na kilicho kigeni kitiliwe shaka. Lakini methali haisemi mila ni ya nani, wala nani mwenye haki ya kuitamka. Maswali haya mawili ndiyo yanayozitenga tanzu za fikira za kihafidhina, na Chunya, katika mkoa wa Mbeya, ni mahali pazuri pa kuyapimia. Kwani huko misitu ya Wakimbu na machimbo ya dhahabu ya Lupa yamo katika nchi moja.

Katika Ulaya, chimbuko la fikira hizi huhesabiwa tangu mwaka 1790, Edmund Burke, mbunge wa Uingereza mzaliwa wa Dublin, alipotoa kitabu chake juu ya mapinduzi ya Ufaransa. Kwa Burke, jamii ni mapatano ya waliokufa, walio hai na wasiozaliwa bado. Kizazi kimoja ni mpangaji katika nyumba, hakina ruhusa ya kuibomoa. Hata hivyo hakukataza marekebisho. Alishika kwamba dola isiyo na njia ya kubadilika haina njia ya kudumu, na msomaji wa Kiswahili ataitambua hoja hiyo katika methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Joseph de Maistre wa Savoy alikwenda mbali zaidi: mamlaka hutoka kwa Mungu, na hakuna katiba iwezayo kutungwa kwa kalamu na karatasi tu. Burke aliogopa mamlaka isiyo na mpaka. De Maistre aliogopa mamlaka isiyo na utukufu. Wote huitwa wahafidhina, lakini hofu zao si moja.

Sasa itazamwe historia ya Ukimbu, kama ilivyoelezwa na Aylward Shorter katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya utemi wa huko. Hapo kale Wakimbu walikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo. Katika karne ya 19 akatokea Nyungu-ya-Mawe, mtu wa ukoo wa kitawala wa Unyanyembe, akaiteka nchi kwa majeshi ya rugaruga na kuwaweka watwale wake waitazame. Alifariki mwaka 1884, akarithiwa na bintiye Mgalula. Na utawala huo ulivunjwa na Wajerumani mwaka 1895. Kwa hiyo, aliyetaka kuzirudisha mila za Wakimbu baada ya hapo alipaswa kwanza kujibu: mila zipi? Za watemi wa kale, au za mshindi aliyewatiisha?

Waingereza walilijibu swali hilo ofisini. Frederick Lugard alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1922 juu ya kutawala Waafrika kwa njia ya wakuu wao wenyewe, na Donald Cameron, gavana wa Tanganyika tangu 1925 hata 1931, aliitilia nguvu fikira hiyo kwa sheria ya mwaka 1926. Maneno yake yalifanana na ya Burke: heshima kwa urithi, na tahadhari ya kupandikiza vya kigeni kwa ghafula. Lakini kufanana huko ni kwa sura tu. Kwa Burke, warithi ndio walinzi wa urithi wao. Kwa Cameron, mtawala wa kigeni ndiye aliyethibitisha nani mrithi, akamlipa mshahara, na akaweza kumwondoa. Mtemi aliyepaswa kuwasikiliza wazee wake sasa alitazama boma. Isisahauliwe pia kwamba Burke mwenyewe alimshtaki Warren Hastings mbele ya Bunge kwa dhuluma za utawala katika Bara Hindi, katika kesi iliyodumu tangu 1788 hata 1795. Hastings aliachiliwa, lakini hoja ilibaki: hata watawaliwa wa mbali wana sheria zao, na mgeni hana haki ya kuzifanya chombo chake.

Machimbo ya Lupa yaliufunua upungufu wa mpango huo. Tangu miaka ya 1920 dhahabu iliwavuta watu wa makabila mengi, na nchi za jirani pia. Mchimbaji aliyetoka Unyakyusa alitazamiwa amtii mtemi gani, kwa urithi gani? Uhafidhina wa damu na kiti haukuwa na jibu. Hapo ndipo Michael Oakeshott, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 20, anapofaa. Kwake mila ni ujuzi unaopatikana kwa kutenda, ambao hauwezi kuandikwa wote katika kanuni. Umri wa kiti si kitu. Ujuzi huo wageni nao huweza kuujenga, wakiishi pamoja kwa muda wa kutosha.

Mwaka 1963 Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu kwa sheria, bila ya kuwatupa watu wenyewe: Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe wa Iringa, alikuwa amekwisha kuwa Spika wa Bunge mwaka 1962. Mwaka huo huo Julius Nyerere aliandika kwamba ujamaa una mizizi katika jamaa ya Kiafrika. Hoja hiyo ya kijamaa ilisimama juu ya msingi wa kihafidhina. Lakini mwaka 1973 ilipotolewa amri kwamba watu wote wa vijijini wahamie katika vijiji hadi mwaka 1976, mila ilisifiwa na ujuzi wa wenye mila ukaachwa nyuma. James Scott ameonyesha jambo hilo katika kitabu cha mwaka 1998, ingawa yeye si mhafidhina. Kwa watu wa misitu, ambao maarifa yao ya asali, uwindaji na udongo yamefungamana na mahali, hoja hii ina uzito mkubwa.

Oakeshott naye ana pengo: hana mengi ya kumwambia yule ambaye mila yenyewe humwumiza. Kwa sababu hiyo utanzu unaostahili kubaki ni ule wa Burke, unaoruhusu ufa uzibwe, mradi wazibaji wawe wenye nyumba. Mwacha mila ni mtumwa, ni kweli. Lakini na yule aliyechaguliwa mila na mwingine hajawa huru.